Mwenye Haya

Skripti ile niliisoma nikiwa nimesimama. Nilianza nimekaa, lakini nilipofika ukurasa wa tatu hasira zilininyanyua kwenye kiti, na sikukaa tena mpaka nilipoimaliza. Walikuwa wamekichukua kitabu cha baba yangu, *Serikali ya Vyumba Viwili*, kitabu ambacho watu wazima wenye vitambi wanakumbuka walivyotolewa nje ya darasa kwa kukichekea, wakakigeuza kipindi cha televisheni ambacho mtu asingecheka hata kwa kutekenywa. Sehemu ya kwanza ingepigwa picha baada ya siku sita. Na mimi ndiye niliyeandikwa mshauri wa muswada.

Kwa asiyekijua kitabu, habari yake ni nyepesi. Kuna Karani wa bohari ambaye kazini hakuna anayemsikiliza, hata mizani haimsikilizi, kwa hiyo akirudi nyumbani anatawala. Kila sura anatoa waraka. Anafunga tai, anapanda juu ya kigoda, anasoma. Mkewe, ambaye majirani wanamwita Bi Haya, anamjibu neno moja tu: "Haya." Kisha anaendelea na shughuli zake, na kabla sura haijaisha waraka unakuwa umemgeukia aliyeutoa. Waraka wa saba unasema hakuna dirisha litakalofunguliwa nyumba ile bila kibali cha maandishi. Mwisho wa sura Karani kajifungia nje, kasimama dirishani na tai yake, anaomba kalamu.

Kurasa mia moja na tisini, na mwanamke yule hasemi kingine. Hapo ndipo kicheko kilipo. Kuna haya ya kukubali na kuna haya ya kumwacha mtu aendelee kujidanganya. Kuna haya ya kumsindikiza mgeni aliyekataa kuondoka. Kuna haya ile ambayo mama yako akikuambia taratibu, unaanza mwenyewe kukumbuka makosa yako ya wiki nzima. Kitabu hakielezi hata mara moja hii ni ipi, na msomaji anaijua kila mara.

Sasa watu wa televisheni walikuwa wameandika hivi kwenye orodha ya wahusika: "Bi Haya: mwanamke mwenye haya nyingi. Huongea akitazama chini. Humwogopa mumewe." Basi. Walilichukua jina wakaona aibu. Kutoka hapo skripti nzima ikaporomoka. Bi Haya analia jikoni. Bi Haya anajificha nyuma ya mlango. Karani akikohoa, Bi Haya anaangusha sahani, na pembeni kwenye mabano imeandikwa "kicheko", maana vicheko vyenyewe walikuwa navyo tayari, vimerekodiwa sijui wapi kwa watu gani, vingebandikwa tu. Ukurasa wa kumi na moja wakampa hotuba nzima ya kumsimulia jirani jinsi anavyotetemeka.

Mwanamke huyo ni mama yangu. Hilo halijawahi kuwa siri. Mtaani walimwita Bi Haya kabla baba hajanunua hata daftari la kuandikia. Ana miaka sabini na minane, anaishi peke yake, anapanda ngazi zake mwenyewe, na sijawahi kumwona akitazama chini isipokuwa anatafuta sindano.

Nikatia skripti kwenye mkoba nikaenda ofisini kwao.

Mtayarishaji wao nilikuwa nimeshampa jina siku ya kwanza. Nilimwita Bwana Pointi, kwa sababu hawezi kufungua mdomo bila kukuambia pointi ni nini. Ofisi yake ina kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo, na ukutani kabandika karatasi za rangi, kila rangi na tukio lake. Za njano ndizo za kuchekesha. Nilizihesabu za Bi Haya na zote zilikuwa njano, na zote zilikuwa za kuanguka au kulia.

Nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia kwamba mimi ni msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na moja, nimeshaona kila aina ya uharibifu unaoweza kufanyiwa maandishi, vitabu vya hesabu vyenye majibu ya uongo, kamusi yenye herufi iliyosahauliwa nzima, lakini sijawahi kuona watu wakisoma jina la mtu wakalielewa kinyume kisha wakalijengea nyumba juu yake. Nilimwambia yule mwanamke haogopi mtu. Nilimuuliza kama yupo hata mmoja kati yao aliyekifungua kitabu.

Hakukasirika, na hilo likanizidishia. Alinisikiliza huku anatikisa kichwa kama daktari. Kisha akavuta droo, akatoa kitabu chenyewe, toleo la tatu lenye jalada la kijani, akakigeuza nyuma.

"Pointi ni kwamba, dada, sisi hatujabuni kitu," akasema. "Sikiliza. 'Karani, mkewe mwenye haya, na serikali isiyomtii mtu.' Kitabu chenyewe kinasema. Mwenye haya. Sasa mimi niko juu ya kitabu?"

Maneno yale niliyajua. Niliyajua kwa sababu niliyaandika mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwaka wangu wa kwanza kiwandani, na toleo la tatu lilipoletwa kuchapwa nikapewa heshima ya kuandika maneno ya nyuma ya jalada, kwa kuwa ni mtoto wa mwandishi. Niliandika: "Karani, mkewe mwenye 'haya' moja mdomoni, na serikali isiyomtii mtu." Nilijivuna kwa sentensi ile asubuhi nzima. Mchana mpanga herufi akaja kuniambia mstari haukai, umezidi, nipunguze. Nikafuta "moja mdomoni". Alama za kunukuu zikaenda nazo, maana zilibaki hazina kazi. Nikarudi kwenye chai yangu ikiwa bado ya moto. Tangu hapo maneno yale yamechapwa kila toleo, na kila toleo yamepita mbele ya macho yangu, nikiweka alama ya kwamba hayana kosa.

Bwana Pointi alikuwa ananisubiri niseme. Nilimwambia jalada siyo kitabu. Akaniambia watazamaji hawatakuwa na kitabu wala jalada, wakisikia jina Bi Haya wataelewa ni mwanamke wa aibu, na televisheni haiwezi kumweka mtu sehemu kumi na tatu anasema neno moja, mwigizaji atajionaje. Halafu akaniambia kwa upole kwamba wangependa mama afike siku ya kwanza ya kupiga picha, akae kwenye kiti, atoe baraka zake kwa dakika moja, itakuwa utangulizi mzuri. Na kama ni mwenye haya, nitasema mimi kwa niaba yake.

Nilitoka bila kuaga. Njia nzima nilikuwa namtukana kimoyomoyo, nikimwita kila jina, na kila nikimaliza tusi naliona jalada la kijani.

Mama alikuwa amekaa mezani na miwani yake, anasoma gazeti kwa rula. Ni tabia ya kazi. Alikuwa mpiga taipu serikalini mpaka alipostaafu, na hajui kusoma bila kuweka rula chini ya mstari. Nilimtupia skripti mezani nikamwambia asome mwenyewe aone walivyomfanya. Nilitaka akasirike. Nilitaka tukasirike wawili, ili isionekane kwamba naongea peke yangu.

Akasoma yote. Kurasa thelathini na mbili, mstari kwa mstari, rula ikishuka. Sikuthubutu kuwasha hata jiko. Alipomaliza akavua miwani, akaifuta na ncha ya kanga, akaivaa tena.

"Nani kawaambia mimi naogopa?" akauliza.

Nikamwambia ni watu wa televisheni, mama, hawajui kusoma.

Akaenda chumbani, nikasikia anavuta kitu chini ya kitanda, akarudi na bahasha kubwa ya kaki iliyolainika pembeni. Ndani yake kulikuwa na mwandiko wa baba, mrefu, umelala kulia, ule ambao nimeuonyesha wanafunzi katika shule sijui ngapi. Lakini kurasa hizi nilikuwa sijawahi kuziona. Ilikuwa ni sura ya kwanza ya kitabu, na katika sura hiyo Bi Haya alikuwa anaongea. Anaongea kurasa nne. Analalamika, anasihi, analia, anamwambia mumewe yeye ndiye nguzo ya nyumba. Juu ya kurasa zote nne kulikuwa na mstari mmoja wa penseli kutoka kona hadi kona, na pembeni, kwa mwandiko mdogo wa duara ambao uliniandikia ruhusa zote za shule, neno moja: Haya.

Akanieleza kwa sauti ya kawaida kabisa. Alikuwa anapiga taipu barua za watu kutwa, akirudi nyumbani anampigia mumewe kitabu. Akafika pale akachoka. Akaniambia alichoka kupiga maneno ya mwanamke asiyemjua. Basi akayafuta, akaweka lile neno ambalo yeye mwenyewe angesema, akaendelea na sura ya pili, huko nako akafuta, na ya tatu.

"Baba yako alininunia siku tatu," akasema. "Siku ya nne nikamsikia bafuni anacheka peke yake. Alipotoka akaniambia, acha hivyo hivyo."

Sikujua niweke wapi uso wangu. Miaka yote hiyo nimesimama mbele ya watu, walimu, wanafunzi, waandishi wa magazeti, nikieleza jinsi baba alivyokuwa fundi wa kunyamaza, jinsi ilivyohitaji kichwa cha pekee kumpa mwanamke neno moja akashinda nalo kitabu kizima. Mara nyingine mama alikuwa amekaa pale pale safu ya mbele, mkoba mapajani. Nilimuuliza, kwa ukali zaidi kuliko nilivyokusudia, kwa nini hakuwahi kusema.

"Nilitaka kusema. Siku ya maziko ya baba yako nilisimama niseme."

Nikakumbuka. Alisimama kweli. Na msemaji, na kitabu cha kijani mkononi, akawaambia watu kwamba mjane wa marehemu ni mwanamke mwenye haya, kama tulivyosoma, tusimchoshe. Na mimi, mtoto mwema, nikamshika mkono nikamkalisha.

"Ulikuwa na mkono mzito siku ile," mama akasema.

Hapo ndipo ningesema. Bahasha ilikuwa wazi mezani, tulikuwa wawili tu, na hakuna mtu angesikia. Kitabu chake yeye ni lile toleo la kwanza, nyuma yake ni jekundu tupu bila neno. Haya matoleo mengine hajawahi kuyagusa, anasema kitabu alichokipiga kwa vidole vyake hana haja ya kukisoma. Alikuwa hajui yule msemaji alilisoma wapi neno lake. Nikaufyata. Badala yake nikapiga domo juu ya Bwana Pointi, nikasema nitamshitaki, nitaandika magazetini, nitamfanya ajute kuzaliwa. Mama alinitazama mpaka nikaishiwa.

"Hicho kiti walichoniwekea nitaenda kukikalia," akasema. "Na nitasema mwenyewe."

Nilijaribu kumzuia siku zote zilizobaki. Nilisema studio ina joto, ina ngazi, ina nyaya za kumkwaza. Akaniambia kama ninachelewa ataenda na teksi.

Studio ilikuwa ghala. Katikati yake walijenga vyumba viwili visivyo na dari, na mama alipoingia alivizungukia kama mtu anayetaka kupanga. Akaligusa dirisha la Karani akakuta ni plastiki. Mwigizaji aliyepewa nafasi ya Bi Haya alikuja kumpa shikamoo, mwanamke mnene mchangamfu mwenye sauti ya kujaza ukumbi, ambaye walikuwa wameshamfundisha kuinamisha kichwa. Mama aliitikia, akamshika kidevu akamnyanyua uso, akamwangalia.

Tukakalishwa chini ya mataa. Bwana Pointi alikuwa na tabasamu lake la wageni. Kamera mbili zikawashwa, akasema maneno mazuri juu ya marehemu, kisha akasema mama yetu hapa, kama wapenzi wa kitabu wanavyojua, ni mwenye haya, kwa hiyo binti atatusemea. Akanipa maikrofoni.

Mama akanyoosha mkono. Hakunitazama, alinyoosha tu mkono na kuuacha hewani, na mimi nikamwekea maikrofoni kwenye kiganja.

Akasema maneno ya mke katika kitabu kile aliyafuta yeye. Mumewe aliyaandika, yeye akayafuta, na mumewe akakubali. Sasa ameletewa karatasi, akakuta yamerudishwa yote na mengine yameongezwa, na hakuja kuyabariki. Alisema anataka yatolewe kabla mtu hajayasema mbele ya kamera.

Bwana Pointi alicheka kidogo, kicheko cha kuomba wengine wacheke naye. Akasema wanamheshimu sana mama, lakini pointi ni kwamba mkataba upo, na binti alishasaini kwa niaba ya warithi wa marehemu.

"Aliyekufa ni mume wangu," mama akasema. "Mimi sijafa."

Wapiga picha wakaangua kicheko. Yule wa kamera ya kushoto aliinama kabisa akaiacha kamera inatazama sakafu. Kilikuwa kicheko cha kwanza cha kweli katika jengo lile, na Bwana Pointi, ambaye anavijua vicheko kwa kazi yake, alikisikia kama wote tulivyokisikia. Shingo yake ikaloa jasho. Ndipo akafanya alichokuwa amenifanyia mimi. Akaagiza kitabu, akaletewa, akakigeuza nyuma, akamwekea mama mapajani.

"Soma hapo, mama. Hayo si maneno yangu. Ni ya mzee mwenyewe."

Hakuwa na rula. Akaweka kidole chini ya mstari, akasoma, kidole kikafika mwisho, kikarudi mwanzo, kikasoma tena. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Mume wangu hakuandika hivi," akasema. "Nimepiga kila neno aliloandika. Hapa kaandika nani?"

Bwana Pointi akasema hajui, labda wachapaji. Mwigizaji akamwangalia Bwana Pointi. Hakuna aliyeniangalia mimi, na ningeweza kunyamaza. Naapa niliufikiria huo unyamavu, niliupima. Kisha mama akaanza kukifungua kitabu kutafuta ukurasa wenye majina ya waliokitengeneza, na jina langu limo humo.

"Ni mimi," nikasema.

Akafunga kitabu. Nikamweleza mbio mbio, mbele ya watu wote na kamera zote mbili, kwamba sikuandika vile, niliandika vizuri, ila mstari haukukaa, nikaambiwa nipunguze, nilikuwa bado mgeni kazini, nilikuwa mtoto.

"Ukafuta maneno mangapi?"

"Mawili."

Nilimwona anarudi nyuma, mwaka kwa mwaka, mpaka siku ile ya maziko, na nilimwona alipofika. Na alipofika akanitazama, na sikuweza kumtazama.

"Siku ile nimekuletea bahasha mezani, ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua.

Bwana Pointi akawaashiria wazime kamera. Alikuwa na haya ya kusikiliza mambo ya ndani ya watu, lazima nimpe haki yake, na akaanza kusema kwamba wanaweza kupumzika, halafu mshauri na mama wakae pamoja, waitazame skripti upya, kama wanafamilia.

Mama hakuinua sauti. Alimpa maikrofoni yake akasema, kwa utaratibu, kama anayempigia mtu barua:

"Nitaisahihisha mimi. Huyu asiiguse. Kazi yake ni kufuta, na kufuta kwenyewe hajui."

Hakuna aliyecheka. Akaomba penseli, na mwenye penseli pale alikuwa mimi tu, maana mkoba wangu hauna kitu kingine. Nikampa. Akamwita mwigizaji akae karibu naye kwenye kile kiti cha baraka, akafungua ukurasa wa kwanza, na nikauona mkono wake ukivuta mstari kutoka kona hadi kona.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, karibu na mapipa. Ndani nilimsikia akimwambia mwigizaji amtazame mumewe usoni, amtazame mpaka amalize upuuzi wake wote, asiharakishe. Kisha nikasikia kimya kifupi, kisha sauti ile nene ya mwigizaji ikisema neno lenyewe, kisha ghala zima likicheka, na Bwana Pointi yumo. Nilikuwa na hasira. Nilimtafuta wa kumkasirikia, nikaanza na yeye kama kawaida yangu, lakini Bwana Pointi hakutosha tena.